Kanzu ya Nne

Maungamo ya Mzee Nicodemus Koros yalikuwa ya ukurasa mmoja, yameandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwakubwa za mtu aliyejifunza kuandika akiwa na wajukuu. Inspekta Milcah Anyango aliyasoma mara mbili akiwa amesimama. Kisha akavuta kiti, akaketi, akayasoma mara ya tatu.

"Ijumaa saa kumi na moja jioni niliosha pampu ya dawa ya kupe katika dimbwi la ubatizo, Mto Sirwet. Jumamosi watu tisa waliingia katika maji hayo. Jumatatu Chepchirchir akafa. Ni mimi. Sitaki wakili."

"Imeisha hiyo," alisema Odero, mkuu wa kituo, akimimina chai kutoka kwenye chupa. "Mzee amejileta mwenyewe leo saa kumi na mbili asubuhi, na Biblia na sweta. Kesho saa tatu anasomewa mashtaka ya kuua bila kukusudia, anakubali, hakimu anamhurumia. Wewe unataka nini tena?"

"Nataka leo, afande. Mpaka saa kumi na moja jioni."

"Ya kufanya nini?"

"Nimeongea na daktari. Dawa ya aina aliyotumia mzee ingemtoa msichana mate, ingemtetemesha, ingefanya mboni za macho kuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Hakuwa na hata moja. Mapafu yake yaliungua. Daktari anasema alivuta maji makali ndani, kama mtu aliyevuta asidi."

Odero alipuliza chai yake. Alikuwa mtu mkubwa, mtoto wa mfanyakazi wa reli kama Milcah mwenyewe, na walikuwa wamekulia mtaa mmoja wa Nakuru. Hilo halikumzuia kumkaripia akitaka. Leo hakukaripia.

"Meneja wa kiwanda cha ngozi amepiga simu mara mbili," alisema. "Bwana Lewis. Anasikitika sana. Anataka hata kununua jeneza."

"Mtu ameuawa na dawa ya kupe ya jirani. Kiwanda cha ngozi kinanunua jeneza kwa nini?"

Odero aliweka kikombe mezani. "Saa kumi na moja," alisema. "Ikifika saa kumi na moja na dakika moja, naipeleka hiyo karatasi kwa mwendesha mashtaka."

Kabla ya kutoka, Milcah alipitia seli. Mzee Nicodemus alikuwa ameketi kwenye ukingo wa saruji, miguu pamoja, kofia mkononi, kama mtu anayengoja zamu yake zahanati. Miaka sabini na mmoja. Miaka ishirini kati ya hiyo alikuwa mwalimu wa shule ya Sabato, na Chepchirchir alikuwa mwanafunzi wake tangu hajaota meno ya mbele.

"Mzee, hiyo pampu uliiosha ndani ya dimbwi au pembeni?"

"Pembeni. Lakini maji yaliingia. Nilikuwa nimeshaziba mto kwa mawe na magunia ya mchanga ili maji yafike kiunoni. Kwa hiyo dawa ilikaa."

"Ulikuwa na dawa kiasi gani kwenye pampu?"

"Kidogo. Suuza tu." Alimtazama. "Binti yangu, usinitafutie mlango. Nimeomba usiku kucha. Nimemwambia Mungu nitasema ukweli, na nimeusema."

"Umesema unachokijua," Milcah alijibu. "Mimi natafuta kilichobaki."

*

Kiwanda kiko kilomita chache nje ya Njoro, mahali mashamba ya ngano yanapoinamia mto. Harufu yake hukutana na mgeni kabla ya lango. Mlinzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye koti la mvua na rungu, na kibandiko kifuani kilichosema NEKOYE. Aliandika jina la Milcah kitabuni polepole, akatazama kitambulisho, akamtazama tena usoni.

"Madam, umekuja kwa ile maneno ya msichana?"

"Nimekuja kumwona meneja."

"Ingia. Lakini usikanyage pale pa buluu, viatu vyako vitakwisha."

Uani palikuwa na marundo ya ngozi zilizotoka kwenye mapipa ya kuzungushia, zimekunjwa, zinadondosha maji. Dawa ya kiwanda ilikuwa imezipa zote rangi moja, buluu iliyoingia kijani, kama senti ya shaba iliyosahauliwa kwenye unyevu. Vipande vya pembeni vilikuwa vimetupwa kila mahali. Kimoja kilikuwa kimenasa kwenye seng'enge ya ua. Milcah alivaa glavu, akakichukua, akakitia katika bahasha ya karatasi, akaandika saa na mahali.

Lewis alimpokea kwa mikono miwili. Ofisi yake ilikuwa safi, na ukutani palikuwa na vyeti tisa ndani ya fremu, vimepangwa kama picha za harusi.

"Inspekta, karibu. Huyu msichana ametuumiza sote. Hawa wazee na dawa zao za ng'ombe, tumesema mpaka tumechoka. Chai?"

"Asante, nimekunywa. Maji yenu machafu yanaenda wapi?"

"Yanasafishwa kwenye mabwawa matatu, kisha yanatoka yakiwa meupe kama hayo." Alionyesha jagi lililokuwa mezani. "Usiniamini mimi. Amini serikali." Na mkono wake ukazunguka ukutani.

Milcah alisimama akavisoma vyeti kimoja kimoja. Idara ya ukaguzi wa taka, sampuli imechukuliwa tarehe fulani, maji yako ndani ya viwango. Alitoa simu, akafungua kalenda, akatafuta kila tarehe. Lewis alinywa chai yake. Ilimchukua Milcah dakika tano.

"Zote ni Jumatano," alisema.

"Ndiyo siku yao ya kuja huku."

"Wanakuja bila kusema?"

Lewis alicheka kidogo, kwa upole, kama anayemfundisha mgeni. "Hapana, hapana. Wanaandika barua wiki mbili mbele. Ndio utaratibu. Sisi tunawaandalia gari, tunawaonyesha mahali pa kuchota. Tunafanya kazi na serikali vizuri sana."

"Nani alichagua mahali pa kuchota?"

"Sisi tulipendekeza. Wao wakakubali."

"Miaka mingapi?"

"Huu wa tatu."

Miaka mitatu, vyeti tisa, na chupa zote zimejazwa siku ambayo meneja aliijua wiki mbili mbele, mahali alipopachagua mwenyewe, na maofisa waliofika kwa gari lake. Milcah alipiga picha kila cheti. Lewis alimsindikiza mpaka mlangoni akimkumbusha kwamba familia ya marehemu isisite kumpigia kuhusu jeneza.

Langoni, Nekoye alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki upande wa kushoto wa kibanda. Milcah aliona kitu ardhini upande wa kulia: mashimo manne madogo, yamechimbwa na miguu ya kiti kile kile, yamekuwa magumu kwa kukaliwa mara nyingi.

"Wewe hukaa pande zote mbili?"

"Hiyo ni ya Jumamosi."

"Kwa nini Jumamosi?"

Nekoye alitazama ofisini. Akainuka, akajifanya anafungua komeo la lango. "Madam, mimi nina watoto wanne, na bwana yangu alienda Salgaa na lori akasahau kurudi. Mimi sijasema kitu."

"Hujasema."

"Jumamosi harufu inakuja na upande huu, inakata pumzi. Mayai viza. Kwa hivyo nahamisha kiti. Wanafungua lile bwawa la kwanza, bila kupitisha kwa hayo mengine. Kuanzia saa nne mpaka saa sita."

"Jumamosi tu?"

"Jumamosi tu. Mimi niliuliza fundi, mbona hamfungui Jumatatu. Akaniambia, huko chini ni Wasabato watupu. Jumamosi asubuhi wamefungiwa kanisani mpaka saa saba, hakuna mtu anachota maji, hakuna mtoto mtoni, hakuna mtu anafua. Wakitoka, mto umeshapita. Wanatumia ibada ya watu kama pazia, madam. Mimi ni Mkatoliki, lakini hiyo iliniuma."

"Jumamosi iliyopita walifungua saa ngapi?"

"Saa nne na dakika tano. Redio ilikuwa imemaliza habari, nikasikia gurudumu la bomba likilia. Halijapakwa grisi, linalia kama nguruwe."

Milcah aliandika. "Mama Nekoye, nikikuita uje useme hayo mbele ya hakimu?"

Mwanamke alifungua lango akalishikilia. Gari lililobeba ngozi lilikuwa linapiga honi nje. "Niite," alisema. "Lakini uniite na barua ya korti, wasiseme nilijipeleka."

*

Bomba la kiwanda lilitokeza mtoni chini ya kichaka cha miiba. Siku hiyo lilikuwa kavu. Milcah aliokota gunzi la mahindi, akafunga uzi mwekundu, akalitupa mtoni mdomoni pa bomba. Akatazama saa. Saa saba kamili mchana. Akaanza kutembea nalo.

Gunzi lilikwenda bila haraka. Lilipita shamba la sukuma wiki ambalo majani yake ya kando ya maji yalikuwa ya njano. Lilipita ndama aliyesimama majini, manyoya yameisha miguuni mpaka magotini, kana kwamba amevalishwa soksi za waridi. Lilipita mwanamke aliyekuwa anachota kwa mtungi wa plastiki. Milcah alimuuliza kama anajua maji yale yanatoka wapi.

"Yanatoka kwa Mungu," mwanamke alisema, "yanapitia kwa Lewis." Akacheka peke yake, akajitwika mtungi akaenda.

Gunzi lilifika kwenye mawe ya Mzee Nicodemus saa saba na dakika thelathini na moja. Lilizunguka dimbwini, likagota kwenye gunia la mchanga, likatulia.

Kanisa lilikuwa hapo juu tu, jengo la mabati lenye sakafu ya saruji. Mama Waithera, mkuu wa mashemasi wa kike, alikuwa nyuma yake akipanga sufuria za matanga. Mwanamke mfupi, leso kichwani, mikono ya mtu aliyefua nguo za wengine maisha yote.

"Mmekuja kutuuliza tena kama tulimnywesha dawa?" alisema. "Tumewaandikia hao watu wa ukaguzi barua nne. Nne, nazishika nakala. Watoto wana upele, ng'ombe zinatupa mimba. Wametujibu mara moja. Wamesema maji yamepimwa na yako sawa."

"Mimi nauliza saa tu, mama. Ubatizo ulianza saa ngapi?"

"Asubuhi. Na si kawaida. Sisi hubatiza alasiri, baada ya chakula. Lakini mchungaji wetu ana makanisa kumi na moja, anakuja mara moja kwa miezi mitatu, na siku hiyo alikuwa anangojwa Molo mchana. Akasema tuanze na mto, ibada baadaye. Alitazama saa akasema, ni nne na dakika ishirini na tano, tuharakishe."

"Kila mtu huchukua muda gani?"

"Dakika nne. Anaitwa, anaombewa, anazamishwa, anatoka na ubeti mmoja wa wimbo. Namjua mchungaji, hata akiwa na haraka haruki ubeti."

"Majini kulikuwa na harufu?"

Waithera alifikiri. "Mwanzo hapana. Baadaye ndiyo. Tulidhani ni tope, watu wamelikoroga. Waliozamishwa mwishoni wanakohoa mpaka leo, na mchungaji mwenyewe ametoka vidonda mikononi, ingawa alikuwa amevaa ile suti ya mpira mpaka kifuani."

"Na nguo za ubatizo ziko wapi?"

Mwanamke alishusha macho kwa mara ya kwanza. Aibu ilimjaa usoni. "Usinicheke. Hazijafuliwa. Mimi ndiye wa kuzifua, na sijawahi kuacha kanzu ya kanisa ilale chafu. Lakini ilikuwa Sabato, hatufui Sabato. Nilizikamua tu nikazitundika moja moja kwenye misumari ya stoo ningoje Jumapili. Jua lilipozama tulikuwa hospitalini na Chepchirchir. Jumapili hospitalini. Jumatatu ndiyo hiyo. Zinanuka huko stoo, na nimeona haya hata kufungua mlango."

Milcah alikuwa ameshasimama. "Mama Waithera," alisema, "usiziguse."

Walizitoa moja moja kwa glavu, wakazitandika juu ya mabenchi ya kanisa. Kanzu tisa nyeupe. Kifuani mwa kila moja palikuwa na kitambaa kilichobanwa kwa pini, na juu yake jina na namba kwa kalamu nene.

"Hizi namba ni nini?"

"Mpangilio wa kuingia. Mchungaji hajui majina ya watu wetu, atayajuaje na makanisa kumi na moja? Kwa hiyo Mzee Nicodemus anapanga, mimi naandika. Namba moja anaingia kwanza."

Kanzu ya kwanza ilikuwa na tope tu pindoni. Ya pili tope. Ya tatu tope. Ya nne ilikuwa na mstari wa rangi kiunoni, hafifu. Ya tano mstari ulikuwa umepanda mpaka kifuani. Ya sita, ya saba, ya nane. Ya tisa ilikuwa imeingia rangi yote, kola mpaka pindo, buluu iliyoingia kijani, na kitambaa kimekakamaa kama ngozi. Pini ya ile namba ilikuwa imeshika kutu. CHEPCHIRCHIR, 9.

Milcah alitoa bahasha yake. Aliweka kile kipande cha ngozi juu ya benchi, karibu na kanzu ya tisa, bila kuigusisha.

Waithera alitazama ngozi, akatazama kanzu. Alikaa chini kwenye saruji polepole. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kama anayemshtakia mtu aliye karibu sana, "Bwana, waliona tumepiga magoti, ndipo wakafungua."

*

Saa kumi na dakika arobaini jioni meza ya mkuu wa kituo ilikuwa imeondolewa chupa ya chai. Mifuko tisa ya karatasi ilikuwa imepangwa juu yake, kila mmoja na lakiri, na sahihi ya Waithera kama shahidi. Mitatu ya kwanza, ule wa nne na ule wa mwisho ilikuwa na dirisha la plastiki. Milcah aliomba Mzee Nicodemus aletwe.

"Mzee, dawa yako iliingia dimbwini siku gani?"

"Ijumaa."

"Kwa hiyo Jumamosi asubuhi ilikuwa imo tayari, kabla ya mtu wa kwanza."

"Ilikuwemo."

"Mtu wa kwanza alikuwa nani?"

"Becky. Mtoto wa fundi wa viatu."

"Anaumwa?"

Mzee alifikiri. "Hapana. Yuko sawa."

"Wa pili na wa tatu?"

"Wako sawa."

"Tazama kanzu zao. Sasa tazama ya nne." Alingoja mzee ainame. "Wa kwanza aliingia saa nne na dakika ishirini na tano, kila mmoja dakika nne. Wa nne aliingia saa nne na dakika thelathini na saba. Bwawa la kiwanda lilifunguliwa saa nne na dakika tano. Leo nimetembea na gunzi kutoka bomba lao mpaka kwenye mawe yako. Dakika thelathini na moja. Jumlisha, mzee. Wewe ni mwalimu."

Midomo ya mzee ilisogea. Odero naye, nyuma ya meza, alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Na sita," alisema Mzee Nicodemus. "Saa nne na thelathini na sita."

"Kama ni dawa yako, Becky ndiye angekuwa wa kwanza kuumwa. Kilichomuua Chepchirchir kilikuja kutoka juu, ubatizo ukiendelea. Mawe yako yalikizuia kisiondoke, hilo ni kweli, na kila aliyefuata alikikuta kimezidi."

Mzee alisogea karibu na meza. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa tisa, haujaugusa.

"Mimi ndiye niliyepanga namba," alisema mwishowe. "Alikuwa awe wa pili. Nikamweka wa mwisho ili atuongoze kwa wimbo tukipanda kutoka mtoni. Ile sauti yake."

"Liandike," Milcah alisema. "Lote. Pampu, mawe, na namba. Hakuna anayekuambia ufiche. Lakini huwezi kukiri kosa la mtu aliyefungua bomba. Hilo halitakuwa ukweli, na ulimwahidi Mungu ukweli."

Mzee Nicodemus alinyosha mkono, akaomba penseli yake.

Odero aliichukua ile karatasi ya asubuhi, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya faili badala ya bahasha ya mwendesha mashtaka. Alifungua dirisha, kwa sababu chumba kilikuwa kimeanza kunuka.

"Maabara ya serikali itachukua wiki ngapi?" aliuliza.

"Tatu. Lakini hatuhitaji maabara ili tulifunge lile bwawa na tuchukue maji yaliyomo. Tunahitaji kufika kabla halijamwagwa. Tukingoja mpaka kesho asubuhi, litakuwa limekauka, limepigwa deki."

Simu ya Odero iliita juu ya meza, kati ya mifuko. Jina liliwaka kwenye kioo, na wote watatu waliliona. Lewis. Odero aliitazama ikilia mara nne. Kisha akaiinua.

"Bwana Lewis. Ndiyo, niko naye hapa. Hapana, jeneza tutaongea baadaye. Uko kiwandani? Vizuri, kaa hapo hapo, na usimguse fundi wa bomba." Alikuwa tayari amesimama, anatafuta kofia. "Tunakuja sasa hivi. Hapana, leo hatukuandika barua."